Galaksi Kumi na Tisa

Jumamosi, 6 Januari 2024

Daftari hili nililinunua kwa maandalio ya masomo. Leo naandika humu jambo ambalo siwezi kulisema ndani ya nyumba hii, na nimechoka kulibeba peke yangu.

Jana nilimpeleka baba kliniki ya macho, Sumbawanga. Dokta Edith alimpima karibu saa nzima, akamwomba akanisubiri nje kwenye benchi, kisha akaniambia mimi. Ni presha ya macho. Imeshakula pembeni kote, na kilichobaki ni tundu dogo katikati ya kila jicho. Ndiyo maana baba anajikwaa kwenye ndoo iliyo miguuni pake lakini bado anasoma Injili. Kilichokwisha kufa hakirudi, si kwa miwani wala kwa upasuaji. Matone yanakilinda kile kilichobaki, basi. Tone moja kila jicho asubuhi, tone moja jioni, siku zote za maisha yake. "Akiyaacha hata mwezi mmoja," alisema, "anaweza kuamka siku moja asione kitu. Mweleze vizuri mkifika nyumbani."

Sikusubiri kufika nyumbani. Nilipotoka alikuwa amekaa na kofia yake magotini, akaniuliza wanasemaje. Baba yangu, mzee Cleophas, ana miaka sabini na minne. Alikuwa katekista miaka thelathini na mmoja, akivitembelea kwa miguu vigango kumi na tisa, makanisa madogo ya vijijini, na hajawahi kunidanganya. Nikamwambia wamempa dawa ya kumsaidia kuona.

"Kama miwani?" akauliza.

"Kama miwani, baba."

Alifurahi. Nitamweleza ukweli akishazoea.

Jumatatu, 8 Januari

Shule zimefunguliwa. Madarasa mawili yanavuja, moja ni langu. Tone asubuhi, tone jioni.

Jumamosi, 13 Januari

Mvua siku ya sita, matope mpaka kizingitini. Mama hataki baba aende shambani peke yake, na baba anakwenda. Ninapomwekea matone analalamika yanachoma, kisha ananitania kwamba mwalimu wa fizikia ana mkono mzito wa kukamua ng'ombe.

Nimegundua kitu. Shamba zima halioni, lakini kitu kidogo kikiwa mbele yake anakiona sawasawa. Simu inamtosha. Leo nikamwonyesha zile picha za ile darubini mpya iliyoko angani.

Sikuwahi kumwonyesha mtu. Mwaka 2019 tulimzika Anjela wangu akiwa na mwaka mmoja na nusu, na tangu siku hiyo nakwenda kanisani nakaa benchi la nyuma, wenzangu wakienda kupokea komunyo mimi nabaki. Picha za kwanza zilipotoka, 2022, nilizitazama kwa miezi. Nilizipenda kwa sababu hazikuwa na mtu ndani yake. Baba alizitazama kwa jicho moja, simu ikiwa karibu kugusa pua, akasema kumbe na yeye ana darubini, maana siku hizi anaona kwa kupitia tundu. Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia kuna nini.

Jumamosi, 20 Januari

Anayoipenda ni ile ya mbali kuliko zote. Nilimweleza kwamba sehemu hiyo ya anga ni ndogo kiasi kwamba ukishika kipande cha punje ya ulezi kwa mkono ulionyooka, unaifunika yote. Na ndani yake kuna maelfu ya galaksi, na kila galaksi ina nyota mabilioni. Akaenda ndani, akarudi na punje moja ya ulezi, akaing'ata ikawa vipande, akainua kimoja juu kuelekea kwenye mawingu. Alikaa hivyo mpaka mkono ukachoka.

Nikamwambia kwamba mwanga wa zile nyekundu ndogo umesafiri miaka zaidi ya bilioni kumi na tatu. Tunachoona ni zilivyokuwa zamani hizo, si zilivyo leo.

"Ni ntumba," akasema.

Hapa kwetu mvua ikishakolea tunang'oa majani pamoja na udongo wake, tunayafunika, tunatengeneza tuta la mviringo. Hiyo ndiyo ntumba. Majani yanaoza humo ndani, mwaka unaofuata unaitawanya na kupanda ulezi. Baba alimaanisha kwamba anayekula ulezi anakula majani ya mwaka jana. Nimefundisha fizikia miaka kumi na miwili na sijawahi kulieleza jambo hilo vizuri hivyo.

Kisha akauliza: na mwanga unaotoka huko leo, utafika lini? Nikasema zile za mbali sana zinazidi kwenda mbali, nafasi kati yetu inaongezeka upesi kuliko mwanga unavyoweza kuikata. Mwanga wao wa leo hautafika kamwe.

"Kwa hiyo wapo wanaotuita na hatutawasikia."

"Ndiyo, baba."

Mvua ilianza upya.

Jumatano, 31 Januari

Mkuu wa shule, Mwalimu Marselino, amenipa na hisabati ya kidato cha pili. Mvua. Tone asubuhi, tone jioni.

Jumamosi, 3 Februari

Wiki hii wametoa picha kumi na tisa kwa mpigo, galaksi kumi na tisa zenye mikono iliyojisokota, zote zimetugeuzia uso. Darubini hiyo inaona mwanga wa joto ambao jicho letu haliupati, kwa hiyo vumbi ambalo siku zote lilikuwa giza tupu sasa linawaka, jekundu na la rangi ya chungwa. Kuna matundu makubwa katikati ya mikono yake, mahali ambapo nyota zilipasuka na kusukuma kila kitu pembeni.

Baba alizihesabu mara mbili. Kumi na tisa, kama vigango vyake. Tukakaa mchana kutwa anazipa majina. Hii Kate, hii Laela, na ile yenye mikono mipana ni Mwimbi, alikoanzia kazi akiwa kijana ambaye hajaoa. Kwa kila moja alikuwa na watu: aliowafundisha, aliowazika, mwanamke mmoja aliyejifunza kusali katika uzee wake akawa anamsahihisha yeye. Sijamwona na furaha ya namna hii tangu nilipofaulu kidato cha sita.

Ilipofika jioni hakutaka kuwekewa matone. Alisema macho yanawaka, tuache leo. Nikamwambia, kama unavyombembeleza mtoto, kwamba matone ndiyo yanayompa galaksi zake. Bila matone hakuna Mwimbi. Akakubali, akafungua macho.

Kisha akaniuliza kwa nini mimi sifurahi kama yeye. Nikamjibu ukweli, walau mara moja: tangu nilipozijua hizi picha, nikipiga magoti sijui naomba kwa nani, ni kubwa mno, hakuna mahali pa mtoto mmoja. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Jumapili, 11 Februari

Katekista wetu wa sasa, Flavian, ambaye baba ndiye aliyemfundisha kazi, ametuandaa kwa Kwaresima. Alisema tusijisifu kuacha nyama wakati tunakula nyama Krismasi na Pasaka tu. Kila mtu atoe kile akipendacho kuliko vyote, na atoe kimya kimya, mkono wa kushoto usijue. Watu walicheka pale kwenye nyama. Baba hakucheka. Njia nzima ya kurudi alinishika bega.

Jumatano, 14 Februari. Majivu

Shuleni watoto wanaandikiana kadi za wapendanao wakiwa na majivu kwenye paji la uso.

Asubuhi baba alininyang'anya kichupa kipya cha matone. Akasema kuanzia leo atajiwekea mwenyewe, yeye si mtoto mchanga. Simu nayo akaikataa, akasema tutaonana na Mwimbi Pasaka.

Niandike ukweli: nilifarijika. Nina vipindi thelathini na viwili kwa wiki, na kabla ya jua kutoka mama ananingoja na jembe.

Jumapili, 18 Februari

Mvua.

Jumamosi, 24 Februari

Tumeanza ntumba. Majani yamefika kiunoni, udongo mzito, unang'oa na kugeuza, unang'oa na kugeuza. Baba analima kwa kupapasa na matuta yake bado ni ya mviringo kuliko yangu. Nilimbembeleza atazame picha moja tu wakati wa kupumzika. Akasema hapana. Nikamwuliza kama ni dhambi kutazama alichoumba Mungu. Akasema tulime.

Nina hasira na Flavian. Nina hakika ndiye aliyemwambia kwamba picha ni tamaa ya macho. Mtu hajui hata mwezi unakwendaje, anamnyima mzee kitu pekee anachokiona.

Jumamosi, 2 Machi

Nilimkuta Flavian mashineni, anasaga. Nilimsema mbele za watu wote, na mashine ilipozimwa nilikuwa bado napaza sauti. Alisubiri nimalize. Akavuta ndoo yake pembeni, akaniambia polepole, "Mwalimu, mimi sijamwambia chochote. Mzee Cleophas ndiye aliyenifundisha kutoa kile unachokipenda. Mimi nilirudia tu maneno yake."

Nilirudi nyumbani na unga nusu. Sikumwomba radhi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeona kichupa cha baba kwenye rafu, pembeni ya rozari. Nilikiinua, bado kizito. Tangu Majivu ni zaidi ya wiki tatu. Nilimwambia mama dawa hii ina baraka, haiishi. Mama aliendelea kupepeta ulezi.

Jumatano, 13 Machi

Mvua na ukungu. Mtihani wa wilaya. Sweta halikauki.

Jumamosi, 16 Machi

Baba amefumua ntumba tatu za mama zilizokwisha kumalizika, zenye maharage tayari juu yake. Alidhani bado ni majani yasiyolimwa. Mama alizirudishia, akapanda maharage upya, mimi nikamsema baba kwamba aangalie anapolima. Akaomba radhi. Nikasema moyoni kwamba ni uzee.

Niliyaandika haya na hakuna kilichonishtua. Nilidhani nina akili.

(Mistari hiyo miwili ya mwisho nimeiongeza Aprili.)

Jumapili, 24 Machi. Matawi

Baba alikosa ngazi ya kanisa. Flavian alimdaka kabla hajaanguka, tawi likabaki chini, watu wakalikanyaga. Flavian alinitazama kama anayetaka kusema kitu. Nikageuka.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Leo jua lilitoka, la kwanza baada ya wiki nyingi. Tulirudi kutoka misani, mama akaingia kupika, baba akaketi nje kwenye kiti chake na shati jeupe, akaniita.

"Lete simu, mwanangu. Kwaresima imekwisha. Nipe Mwimbi."

Nilikuwa nimengoja siku hii kuliko yeye. Nilifungua ile galaksi, nikapandisha mwanga wa simu mpaka mwisho, nikageuka kuzuia jua, nikamwekea mikononi. Akaipeleka kwenye jicho la kushoto mpaka ikagusa kope. Akaihamishia la kulia. Akairudisha. Mama alitoka na mwiko mkononi akasimama.

"Hujaiwasha," akasema baba.

"Imewaka, baba."

Akakipapasa kioo kwa kidole gumba, taratibu, kama anatafuta mahali galaksi ilipoanzia. "Basi iwashe zaidi."

Nilikimbilia ndani kuchukua matone. Kichupa kilikuwa kimejaa. Kile kile nilichompa siku ya Majivu, hakijatoka hata tone. Nilitoka nacho nikakiinua mbele ya mama, na kabla sijauliza aliketi kizingitini akaanza kulia.

Alijua tangu wiki ya pili ya Kwaresima. Kila asubuhi na jioni baba alikuwa anakichukua kile kichupa, anakishika kiganjani, anasali, anakirudisha rafuni. Na katika nyumba hii hakuna anayeuliza mwenzake ametoa nini Kwaresima, wala anayesema. Baba alitulea hivyo. Mama alinyamaza kama alivyofundishwa.

"Nilijua ni kama miwani," akaniambia kwa Kifipa. "Mtu akivua miwani anaivaa tena. Wewe ndiye uliyesema."

Baba alitusikia. Hakuogopa, hilo ndilo linaloniua, hakuogopa hata kidogo. Akaeleza kwa sauti yake ile ya kufundisha. Mfungo wa chakula walishamsamehe kwa sababu ya uzee. Pombe aliacha zamani. Alikaa wiki nzima anatafuta kitu anachokipenda kweli, akaona ni hizi galaksi. Lakini kuacha picha tu huku macho yanaendelea kufurahia mengine aliona ni kumpunja Mungu, ndipo akaacha na kile kinachompa kuona. Siku arobaini na zaidi za giza kidogo, halafu Pasaka, halafu matone, halafu Mwimbi. Aliona ukungu unaongezeka wiki hadi wiki, akafurahi, akajua sadaka ni ya kweli.

"Niliitoa kwa nia yako," akasema. "Upokee tena. Uone kwamba mtoto mmoja ana mahali pake. Haya, niwekee sasa, muda umefika."

Nilipaswa kumwambia pale pale. Nikamwinua kidevu, nikamwekea tone moja kila jicho. Akasema yanachoma, akatabasamu, akakaa na simu mikononi anangoja Mwimbi irudi.

Nilikaa chini karibu na kiti chake. Tulikaa mpaka simu ikaisha chaji. Aliendelea kuishika.

Jumatatu, 1 Aprili

Ameuliza mara nne kama ni mchana. Tone asubuhi, tone jioni.

Alhamisi, 4 Aprili

Sumbawanga. Dokta Edith alimmulika jicho moja baada ya lingine, kisha akaketi. La kulia hakuna kitu. La kushoto linajua tu dirisha liko upande gani, na hilo nalo litakwisha. Aliniuliza mimi kwa ukali, mbele ya baba safari hii, "Si nilikwambia mwezi wa kwanza kwamba yakifa hayarudi?"

Baba aligeuza kichwa kutafuta nilipo.

"Ulijua tangu Januari?"

"Nilijua, baba. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Ungeniambia," akasema.

Ni hilo tu. Nilingoja la pili, halikuja, si kliniki, si njiani, si Laela tulipokaa kungoja pikipiki huku akina mama wakimwamkia shikamoo na yeye akiitikia upande usio wao. Nimejiuliza angefanya nini kama angejua. Angetumia matone kila siku, kwa sababu ni mtu wa wajibu, na angetafuta kitu kingine cha kutoa. Angekuwa leo amekaa nje anavuta Mwimbi kwa vidole viwili. Nilimnyima neno moja lenye uchungu nikamlipisha macho yote mawili.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilikwenda kwa Flavian kumwomba radhi. Alikuwa analima. Alinipokea vizuri, na wema wake ulinisumbua kuliko kama angenifukuza. Alisema Jumapili ya Matawi alitaka kuniambia mzee haoni, akaona nitasema anaingilia. Kweli, ningesema hivyo.

Mvua imerudi.

Jumapili, 7 Aprili

Baba hawezi tena kwenda altareni peke yake, na mama mguu unamsumbua, kwa hiyo ilibidi nimshike mkono mimi. Benchi la nyuma nimeliacha, si kwa imani. Tulikwenda polepole katikati ya kanisa, watu wote wakinitazama, mimi niliyekaa nyuma miaka mitano.

Alipokea kwa ulimi, kichwa kimeinuka, macho wazi. Padri akanigeukia na hostia mkononi. Nilitafuta ndani yangu kitu cha kumjibu. Sikukiona. Nilifikiria Anjela, nikafikiria zile za mbali ambazo mwanga wake wa leo hautafika. Nikatikisa kichwa kidogo tu, padri akapita. Flavian alikuwa amesimama pembeni yake ameshika kisahani, aliona.

Tulirudi tukaketi. Baba alisali kwa muda, kisha akaniinamia.

"Umepokea?"

Flavian alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo. Kwaya ilikuwa imeanza, kungekuwa na nafasi ya kujifanya sikusikia. Baba alingoja.

"Nimepokea, baba."

Flavian akainamisha macho kwenye kitabu chake cha nyimbo. Baba aliupapasa mkono wangu mpaka akaupata, akaubana.

"Basi macho hayakupotea bure," akasema, na akatabasamu kuelekea upande ambao sikuwepo.

Jioni nimemwekea tone moja kila jicho.